Siku Sauti Yangu Ilipowafukuza Wakwe

Mimi nimeaibika, nakubali, na sitaki mtu anihurumie kwa sababu nilijitafutia mwenyewe. Nikifika Adams Arcade asubuhi kufungua duka langu la mapazia, fundi wa viatu aliye pale kando hanisalimii tena kama mtu mwenye adabu, ananiuliza tu, "Mama Shiru, umetuona wote?" halafu anacheka mpaka anaweka nyundo chini. Kanisani ni hivyo hivyo, hata padri wetu (Mungu anisamehe kwa kumtaja) aliwahi kuniuliza kama naweza kumwazima ile sauti aitumie kwa wanaochelewa misa. Kwa hivyo nimeamua kuwasimulia mwenyewe, maana habari ikizunguka Nairobi peke yake inarudi kwako imenenepa, na nimesikia kuna wanaosema eti niliwamwagia wakwe maji ya moto. Sikumwaga maji. Nilichofanya ni kuweka alamu nyumbani.

Nyumba yetu iko Muthangari, ile ya zamani ya mabati mekundu iliyobanwa katikati ya magorofa mawili mapya. Tangu marehemu Baba Shiru atuache tumeishi humo wawili tu, mimi na binti yangu Wanjiru, huyo mnayemjua kama Shiru. Nilikuwa na soja wa geti, nikamfukuza kwa kulala kazini, nikaandika mwingine ambaye hakulala hata kidogo ila macho yake yote yalikuwa kwa simu, na ni katika zamu yake mtungi wa gesi ulitoka jikoni ukaondoka pamoja na shuka zangu mbili zilizokuwa kwa kamba bado zinachuruzika maji. (Mwizi anayeiba shuka mbichi, jamani, kwao hakuna jua?) Nikasema basi, binadamu wamenishinda, sasa nitatafuta mashine.

Na kuna jambo lingine ambalo wakati huo sikulisema kwa mtu. Shiru alikuwa ameniletea kijana anayeitwa Wafula, mtu wa Bungoma, mhasibu katika ofisi moja huko Westlands, na ilikuwa wazi kwamba wakipatana, binti atakwenda na mimi nitabaki na nyumba nzima na popo wa darini. Sikumchukia yule kijana, sina sababu. Lakini siku ya kwanza alipokuja nilimwomba kitambulisho, nikakipiga picha mbele na nyuma, ndipo nikamwekea chai. Yeye akaniita Mama tangu siku hiyo. Mimi nilimwita "huyo kijana", hata akiwa ameketi mbele yangu anakula chapati zangu, na Shiru alikuwa akisikia hivyo anainamisha kichwa kwa sahani.

Sasa tuje kwa mashine. Mwenzangu mmoja wa chama anaishi Spring Valley, na tulipokutana kwake zamu yake ya kupika nilikagua usalama wake kuliko nilivyokagua pilau. Ana nyaya za stima juu ya ukuta, ana kamera, ana vijicho vidogo vyeupe vya kuona mtu akisogea, kila pembe ya nyumba kijicho, mpaka ukienda choo unajihisi umekosa. Akaniitia kijana wa kampuni yake aliyevaa tai akanieleza mkataba mpaka chai ikapoa, na mimi nilipoona karatasi ni nyingi hivyo nikamwambia nitaomba juu ya hilo jambo. Jirani yangu akanishauri ninunue bata bukini, eti wana ukali kuliko mbwa. Nilimfikiria bata bukini kwa siku kadhaa, siwadanganyi, ila nikakumbuka nani ataosha ua.

Mwisho nikaenda zangu tauni, pale Luthuli ambapo kila duka lina spika inapiga kelele nje, nikaingia kwa mwanamume mmoja mwenye kitambi na sauti ya mhubiri. Nikamwambia nataka king'ora. Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mama, king'ora wezi wameshazoea," akasema. "Wanafanya kazi kikilia, kama wimbo. Mwizi anaogopa kitu moja tu, kuskia mwenye nyumba akiongea."

Halafu akanionyesha sanduku dogo ambalo unaongea ndani yake, linahifadhi maneno yako, na siku kijicho kikiona mtu, kabla ya king'ora kulia, sauti yako mwenyewe inatoka kwa spika ya juu ya paa mpaka mtaa wa pili usikie. Aidha linafunga geti la stima lisifunguke kwa mtu, na linawaita askari wa kampuni utakayochagua. Hapo alinimaliza. Mimi ndiye sauti ya kwanza kwaya, mimi ndiye nikimwita mteja kutoka dukani anageuka aliye ng'ambo ya Ngong Road. Kama kuna silaha Mungu alinipa ni koo hili. Nikalinunua siku hiyo hiyo, nikashinda nimelikumbatia kama mtoto mpaka nyumbani.

Fundi alipomaliza kufunga vijicho, nilimtuma nje nikajifungia sebuleni kurekodi. Nilianza kwa upole, nikaona hapana, mwizi si mgeni wa kanisa, nikakumbuka zile shuka, nikakumbuka mtungi, nikamkumbuka na marehemu, na hasira zikanipanda vizuri. Nikasema hivi, kwa pumzi moja: "Nyinyi hapo kwa geti. Nimewaona wote. Mlidhani kwa sababu hapa hakuna mwanaume mtaingia tu? Hapa hamtoki na kitu. Rudini kwenu." Fundi akaniambia aliposikia akiwa nje alishika begi lake ili aondoke. Nililichukulia hilo kuwa sifa.

Ikabaki kampuni ya askari. Nilipata moja ya jirani hapa hapa, na aliyeniandikisha akasema lazima niwe na neno la siri, kwa sababu alamu ikilia wakifika, hata mwenye nyumba akiwaambia mambo ni sawa hawaondoki mpaka awape hilo neno, maana huenda jambazi amemsimamia nyuma na kisu. Akanishauri, "Mama, chagua neno ambalo haliwezi kukutoka kwa bahati mbaya." Siku hiyo nilikuwa nimekosana na Shiru asubuhi kuhusu huyo kijana. Sikufikiri mara mbili. Nikamwambia neno langu la siri ni "mkwe wangu". Nilijua hayo ni maneno ambayo ulimi huu hautayatamka leo wala kesho. Nilicheka peke yangu mpaka kituo cha basi.

Mambo ya vijana yakaendelea bila kuniuliza, na wazee wakakubaliana Wafula na watu wake waje Jumamosi moja kwa ruracio, yaani kuleta mbuzi na kuzungumza mahari. Shemeji yangu Njoroge, kaka wa marehemu, ndiye angeongea kwa niaba yetu. Mimi kazi yangu ilikuwa kupika na kutabasamu. Jioni ya Alhamisi Shiru akaja jikoni, akachukua kisu akanisaidia kukata kabichi, na mtoto wangu akinisaidia kukata kabichi bila kuombwa najua kuna jambo.

"Mum, nataka kukuomba kitu," akasema. "Watu wa Wafula wanasema huwataki. Wanasema ni vile sisi ni watu wa hapa na wao ni wa huko. Mamake amesema wakifika wahisi hivyo tena, hawarudi."

Nikamwambia nani amesema siwataki, mimi sijasema kitu.

"Ndiyo hiyo, Mum. Hujawahi kusema kitu." Akafuta macho kwa mkono, na nikajiambia ni kitunguu ingawa hatukuwa tunakata kitunguu. "Jumamosi zima hiyo mashine. Si kidogo. Zima yote. Usinifanyie wageni wakae kama wezi."

Nikamwahidi. Na Jumamosi asubuhi nilizima kweli: nikazima kijicho cha geti, cha ua, cha sebule, cha jikoni. Kikabaki cha chumba changu cha kulala. Sasa nisikilizeni kabla hamjanihukumu. Dada zangu na wake wa shemeji walikuwa wamerundika mikoba yao yote kitandani kwangu, na simu, na vitambaa vipya vya zawadi, na watu wangekuwa wengi, wengine wamekuja na rafiki wa rafiki, nikajiuliza chumba kile nikiache hivi hivi kwa sababu gani? Kijicho kimoja tu, ndani kabisa, kitamkera nani? Shiru aliponiuliza kama nimezima nikamwambia nimezima. Ilikuwa kweli, ukitoa chumba kimoja. Mlango hata sikuufunga kwa ufunguo, maana niliamini kijicho kuliko kufuli.

Wageni wakafika saa za mchana, magari yakapangwa nje barabarani, na kwa desturi yetu hawaingii hivi hivi. Wanasimama nje ya geti wanaimba, na sisi wanawake wa nyumbani tunasimama ndani tunawakatalia, tunawauliza ni akina nani, wanataka nini, mbona hawajui kuimba, mpaka watubembeleze vya kutosha. Ndiyo raha yenyewe ya siku hiyo. Watu wa Bungoma wakaimba, na walijua kuimba, ardhi ikatetemeka kidogo, nami nikiwa mbele na leso yangu mpya kiunoni nilihisi moyo unalegea. Kuna wakati ilinijia kwamba huenda hata nitacheza.

Wakati huo, ndani ya nyumba, dada yangu Nyambura alikuwa na kazi yake. Desturi nyingine ni kumficha bi harusi pamoja na wasichana wenzake, wanafunikwa leso kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha bwana anaingizwa amtambue wake, akikosea anatozwa faini na watu wanacheka. Tulipatana wafichwe chumba cha wageni. Lakini chumba cha wageni tulikuwa tumekijaza kreti za soda mpaka dirishani, na Nyambura, ambaye hajawahi kuniuliza kitu tangu tuzaliwe, akawachukua Shiru na wenzake wakiwa wamefunikwa gubigubi, hawaoni mbele, akawaongoza mmoja mmoja mpaka chumbani kwangu.

Kijicho kikawaona wote.

Mimi niko geti, mdomo umefumba, nasubiri ubeti unaofuata, na nikajisikia nikiongea. "Nyinyi hapo kwa geti," nikasema kutoka juu ya paa. "Nimewaona wote." Wimbo ukakatika. Wanawake wenzangu wakanitazama mdomo, wakatazama paa, wakanitazama mdomo tena. "Mlidhani kwa sababu hapa hakuna mwanaume mtaingia tu? Hapa hamtoki na kitu. Rudini kwenu."

Na Mungu ni mwema, kwa sababu kwa dakika moja nzuri sana wale wageni walifikiri ni sehemu ya sherehe. Hawakuwa wamewahi kuja kwa ruracio ya Wakikuyu, wangejuaje? Msemaji wao, Mzee Barasa, baba mdogo wa Wafula, mzee mrefu mwenye suti ya kijivu, akainua fimbo yake akajibu kwa sauti ya kutosha, "Mama, ni kweli tumeonekana, na tumekuja ili tuonekane." Watu wake wakapiga vigelegele. Wangu nao wakacheka, Njoroge akanipungia mkono kutoka hema la wageni tulilopiga uani, kunisifu kwa ubunifu. Paa likarudia kwamba warudi kwao, mzee akasema kwao ni mbali, wataingia wapumzike kwanza. Ningeweza kuokoka hapo. Nilikuwa hata nimeanza kutabasamu kama mtu aliyepanga.

Ndipo king'ora kikalia. Wale wasichana ndani wakatoka mbio kwa mlango wa jikoni wakiwa na leso miguuni, mmoja akaanguka juu ya sufuria ya mukimo, na Shiru akatokea uani peku peku, nusu ya nywele zimesukwa vizuri na nusu ziko hewani, mbele ya kila mtu. Alinitazama tu. Nimewahi kutazamwa vibaya na watu wengi, lakini sijawahi kutazamwa vile.

Nikakimbilia rimoti. Rimoti ilikuwa ndani ya mkoba wangu, na mkoba wangu ulikuwa chini ya mikoba yote kitandani. Nikamtuma Shiru akautafute, mimi nikakimbilia kile kibao cha namba ukutani. Namba ikanipotea. Nikaweka mwaka aliozaliwa Shiru, kikakataa. Nikaweka mwaka niliofunga ndoa, kikakataa. Kwa kuchanganyikiwa nikaweka namba ya siri ya pesa zangu za simu, Nyambura akiwa amesimama begani pangu (sasa anaijua, na nimelazimika kuibadilisha), kikakataa pia, halafu kikawaka taa nyekundu, maana ukikosea kosea kinaamini wewe ndiye mwizi. Geti nalo lilikuwa limejifunga. Hata ningetaka kuwafungulia wakwe na kuwapigia magoti, sikuwa na njia.

Lazima niseme ile kampuni ya askari inafanya kazi. Soja wangu wa zamani angefika kesho yake. Hawa walifika kabla sijamaliza kumlaumu Nyambura, wanaume wenye helmeti na marungu, wakaruka kutoka kwa gari, na hebu jiwekeni mahali pao: alamu inalia, geti limefungwa, nje kuna kundi la watu wasiojulikana mtaani, wana magunia, wana fimbo, wana mbuzi, na sauti ya mwenye nyumba inawaambia waziwazi kwamba amewaona na waondoke. Wakawaamuru wakae chini wote. Nikawasikia kina mama wa Bungoma wakiketi barabarani na magauni yao ya sherehe. Mbuzi mmoja akaamua hayo hayamhusu, akaondoka kuelekea Lavington, na kwa habari yenu hajaonekana mpaka leo.

Nilivuta kreti mbili za soda nikazipandia, nikachungulia juu ya ukuta. Mzee Barasa alikuwa amekaa chini, lakini si juu ya lami, kwa sababu Wafula alikuwa amevua koti lake jipya la siku hiyo akalitandika mzee akalie. Yeye mwenyewe alikuwa amechuchumaa kando kwa shati, mikono kichwani kama alivyoambiwa, na aliponiona akajaribu kunisalimia kwa macho. Mamake alikuwa ameshikilia kiondo kifuani anatazama chini. Yule mama hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu ambaye alijua tangu asubuhi kwamba ataaibishwa, na sasa imekuwa.

Nikamwita kiongozi wa askari, nikamwambia mimi ndiye mwenye nyumba, hao ni wageni wangu, awaachilie. Juu ya paa nikasema, "Nimewaona wote. Hapa hamtoki na kitu."

Akanitazama, akatazama paa. "Sasa mama, tuskize gani?"

Nikamwambia anisikilize mimi niliye hai. Akasema kwa heshima sana kwamba hawezi, sheria ni sheria, hata mimi huenda kuna mtu amenishikia kisu hapo nyuma. Nikageuka, nyuma alikuwa Nyambura ameshika sketi yangu nisianguke. "Tupe neno la siri," akasema yule askari. "La sivyo tunapeleka hawa wote kituoni, mtaelewana huko."

Ndugu zangu, nililikumbuka hapo hapo. Namba ilinipotea, lakini neno sikulisahau hata kidogo. Nikafikiri nimwambie nimelisahau. Nikafikiri nishuke nijifungie chooni mpaka waje Wakristo wengine waiongoze familia hii. Watu wangu wote walikuwa wamekusanyika nyuma yangu, watu wa Wafula wote wako chini mbele yangu, na Shiru alikuwa amesimama mlangoni na mikoba mitatu mkononi ananisubiri kama anavyonisubiri tangu mwaka jana.

"Mkwe wangu," nikasema.

"Hatujaskia, mama."

"Mkwe wangu," nikaongeza sauti, na papo hapo king'ora kikanimeza, halafu mimi wa paani nikadakia kwamba warudi kwao. Yule askari akaweka mkono sikioni. Hapo hasira zikanipanda, si kwake, ni kwa huyo mwanamke wa paani, mwenye sauti yangu, asiyenyamaza. Nikavuta pumzi ya kwaya, ile ya Pasaka, nipige ukelele kwa koo lote nililopewa, na katikati ya kuvuta hiyo pumzi Shiru akaipata rimoti.

Kukawa kimya kabisa. Na ndani ya hicho kimya, kuanzia Muthangari mpaka sijui wapi, kila mtu akanisikia nikipiga kelele, "Mkwe wangu!"

Wafula, mikono bado kichwani, akajibu, "Naam, Mama."

Sitawaambia nililia. Nitawaambia tu kwamba nilishuka kwa kreti nikasaidiwa. Kiongozi wa askari akasema sawa sawa, neno ni lenyewe, akawainua watu mmoja mmoja na kuwapangusa vumbi, na mamake Wafula akamuuliza mwanawe neno gani hilo, akaambiwa, akauliza tena, akaambiwa tena. Geti likafunguka. Sikungoja wimbo. Nilikwenda nikamkumbatia yule mama na kiondo chake katikati yetu, nikamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe karibu nyumbani, nilikosea, na neno hilo nimemnyima kijana wako kwa muda mrefu. Akaniambia, "Basi, mama, tumelisikia, hata wa mbali wamelisikia." Ndipo akaanza kucheka, na akianza kucheka yule mama huwezi kumzuia, alicheka mpaka wakamletea kiti.

Mazungumzo ya mahari yalikuwa mateso matupu kwa Njoroge. Kila alipotaja jambo, Mzee Barasa alitingisha kichwa akasema yeye hana neno, ameshaambiwa hapa hatoki na kitu, ila watu wake wamebaki kwa sababu ya harufu ya chakula. Halafu akasimama, akavaa miwani, akasema mwizi huchukua bila kuomba, nao wamekuja kuomba, kwa hivyo waliitwa jina lisilo lao na wanadai faini. Njoroge akauliza faini gani, mbuzi? Mzee akasema mbuzi wao wenyewe wameshindwa kuwashika. Faini yake ni ile sauti ifutwe, nami nirekodi nyingine mbele yao, kabla ya pilau.

Nikaletewa lile sanduku hemani. Watu wote wakageuka kunitazama, mpaka wale askari waliokuwa wamekaribishwa kula, helmeti zao zimepangwa chini ya meza. Na mimi, sauti ya kwanza kwaya, sikujua niseme nini. Wafula akaniinamia akanong'ona, "Mama, sema tu karibuni." Nikasema, "Karibuni. Nimewaona wote." Hilo la pili lilinitoka kwa mazoea, hema likaanguka kwa kicheko, na mzee akakataa lifutwe. Desturi ya kumtambua bi harusi ilikufa yenyewe, maana nani angefichwa tena? Wafula alikwenda moja kwa moja alipokuwa Shiru na nywele zake nusu, akakaa kando yake.

Sasa binti ameolewa, wanaishi karibu tu na Kawangware kwa gorofa ya nne, na mimi niko na nyumba yangu na popo wangu. Alamu bado iko. Mwizi akija ataambiwa karibu kwanza, halafu askari watafika, na wakifika kuna shida moja, kwamba neno la siri analijua kila mtu Muthangari. Ile kampuni imenipigia simu mara kadhaa inataka nilibadilishe. Nimekataa. Shiru husema mimi ni mkaidi, nami humwambia ni kweli.

Jumapili baada ya misa huwa nasikia gari nje, na badala ya kubonyeza kengele kama watu, Wafula husimama getini na kuniuliza kwa sauti kubwa, majirani wote wakisikia, "Mama, neno la siri?" Nami lazima nilitoe kwa ukelele kutoka jikoni, la sivyo haingii, na chapati zinapoa. Kwa hivyo wenzangu mnaonunua alamu, nunueni yoyote mtakayo, ya tai au ya Luthuli, hata bata bukini. Lakini mkiambiwa mchague neno ambalo haliwezi kuwatoka, fikirini kwanza kwa nini haliwezi, na mlitoe mapema, mkiwa mmekaa kitini, kabla hamjalazimika kulitoa juu ya kreti za soda.